Stelingi hafi, labda awe mwanamke: dhana potofu kuhusu mashujaa wa kike kwenye muvi za vita

Mpenzi yeyote wa muvi anajua kwamba stelingi hafi. Risasi zote zinampita pembeni, jengo linalipuka yeye anatoka na vumbi begani tu, adui ana bunduki kumi na bado analenga miti. Sasa hebu chukua muvi za vita ambazo stelingi ni mwanamke, uone sheria inavyogeuka ghafla, huyu akishaanza tu kuongelea nyumbani kwao au mpenzi wake basi jiandae, dakika ishirini zijazo anazikwa. Mimi nimeangalia hizi muvi miaka mingi na huwa nabishana na watu kila siku, nikagundua mengi tunayoyaamini kuhusu wanawake vitani tumeyatoa kwenye skrini, wala hatujui kilichotokea kweli. Ngoja niyaweke hapa moja moja.

Dhana: Mwanamke akiwa shujaa vitani, lazima ushujaa wake uwe kufa

Hii ndio mama wa dhana zote kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Kuna muvi ya Marekani ya mwaka 1943 inaitwa So Proudly We Hail!, inahusu manesi wa jeshi waliokwama Ufilipino Wajapani walipoivamia. Humo ndani nesi mmoja, aliyeigizwa na Veronica Lake, anaona wenzake wamezingirwa hawana pa kutokea, anaficha guruneti kifuani ndani ya nguo, anatembea taratibu kuwaendea wanajeshi wa Japan kama mtu anayejisalimisha, halafu boom. Wenzake wanapona. Ni tukio zito, ukiliangalia leo bado linakubana roho.

Sasa ukweli. Wakati watu wanalia kwenye majumba ya sinema, manesi wenyewe wa kweli walikuwa bado wako mikononi mwa Wajapani, hai. Walikuwa 77, 66 wa jeshi la nchi kavu na 11 wa jeshi la majini, wengi wakifungwa kwenye kambi ya Santo Tomas pale Manila. Na unajua walifanya nini miaka ile karibu mitatu? Walipanga zamu. Yaani wamefungwa, chakula kinapungua mpaka watu wanavimba miguu kwa ugonjwa wa beriberi, wao wanavaa, wanaingia zamu kwenye hospitali ya kambi kuhudumia wafungwa wenzao, wakitoka wanalala, kesho tena. Februari 1945 walipokombolewa walitoka wote 77, wamekonda vibaya lakini hakuna aliyepungua hata mmoja. Hebu nambie, ukiwa mwandishi wa muvi ungechagua lipi, guruneti la dakika mbili au zamu za miaka mitatu? Ndio hapo sasa. Guruneti linauza, zamu haziuzi, na sisi tunabaki tunaamini mwanamke bila kulipuka hajafanya kitu.

(Huyo Veronica Lake mwenyewe, pembeni kidogo, alikuwa maarufu kwa nywele zinazofunika jicho moja, wakati wa vita ikabidi abadilishe mtindo ili wanawake waliokuwa wanamuiga wasinaswe nywele na mashine huko viwandani. Huo nao mchango wa vita, mnacheka nini.)

Sisemi muvi zote zinazoua mashujaa wake ni za kijinga. Ile ya Kisovieti ya 1972, The Dawns Here Are Quiet, inaua wasichana watano wote, wapiga mizinga ya kutungua ndege waliotumwa msituni pamoja na sajenti wao mwaka 1942 kuwazuia Wajerumani. Ila angalia wanavyokufa. Mmoja anazama kwenye kinamasi akikimbia kuita msaada, hakuna aliyemuona. Mwingine anarudi nyuma kuchukua kifuko cha tumbaku cha sajenti, anachomwa kisu. Kwa kifuko cha tumbaku jamani! Hakuna tarumbeta hapo, na mtengenezaji ameacha ionekane hasara tupu, ndio maana inauma kuliko za wenzake.

Dhana: Shujaa haogopi

Muvi hiyohiyo ya Kisovieti inaijibu. Galya, mdogo kuliko wote, amejificha na sajenti, hofu inamshinda, anachomoka kichakani anapiga kelele anakimbia, anapigwa risasi. Na Zhenya, ambaye kila mtu anamkumbuka kwa ujasiri, anavua nguo anaingia kuoga kwenye mto wa baridi huku akicheka na kuita, Wajerumani wako ng'ambo wanamuangalia, ili wadhani hapo kuna raia wengi wapite njia nyingine. Mtu anayeangalia vizuri anaona kicheko kile kimebebwa na woga mtupu. Huyu na Galya wote waliogopa, bahati tu mmoja miguu ilimtii.

Dhana: Wanawake kushika bunduki ni mambo ya muvi za siku hizi, ajenda tu

Hii huwa inaniudhi kwa sababu mtu anayeisema hajafungua hata ukurasa mmoja wa historia. Umoja wa Kisovieti peke yake ulikuwa na wanawake kama 800,000 jeshini kwenye Vita Kuu ya Pili. Lyudmila Pavlichenko, snaipa, rekodi yake inasoma maadui 309, mwaka 1942 akapelekwa Marekani akapokelewa na Eleanor Roosevelt, waandishi wa habari wakawa wanamuuliza mambo ya vipodozi na urefu wa sketi ya sare yake. Watu 309, unamuuliza sketi.

Halafu kuna marubani wa rejimenti ya Kisovieti ya 588 ya mabomu ya usiku, wanawake watupu, kuanzia rubani mpaka fundi anayefunga bomu. Ndege zao Po-2 zilikuwa za mbao na kitambaa, wazi juu, za kufundishia na kunyunyizia dawa mashambani. Wakikaribia lengo wanapunguza injini mpaka ndege inateleza kimya, Wajerumani wanasikia tu upepo kwenye mabawa, wakawabatiza wachawi wa usiku. Usiku mmoja wanaruka mara nane au zaidi, na jumla yao ilipita misheni 23,000. Mwanzoni walipewa sare na mabuti ya wanaume, wakawa wanajaza karatasi ndani ili yasitoke miguuni. Mimi muvi ingenionyesha hilo buti na karatasi tu ningeshalipa tiketi.

Dhana: Ikiandikwa imetokana na kisa cha kweli, basi ni kweli

Hapa naomba tuongee polepole maana watu wanaipenda sana The Woman King ya 2022, na mimi pia naipenda, Viola Davis, stelingi wake, kaigiza vizuri mno mule ndani. Wale wanajeshi wa kike wa ufalme wa Dahomey, Agojie, walikuwepo kweli, kwenye nchi ambayo leo ni Benin, na walipigana na Wafaransa mwaka 1890 na tena kuanzia 1892, wakafa wengi sana mbele ya bunduki za kisasa. Hilo halina mjadala.

Ila muvi imewekwa mwaka 1823 na inakuonyesha mfalme Ghezo anakubali kuachana na biashara ya utumwa ageukie mafuta ya mawese. Haikuwa hivyo. Dahomey iliendelea kukamata na kuuza watu miaka mingi baada ya hapo, mpaka meli za kivita za Uingereza zikafunga pwani yake ndipo Ghezo akasaini mkataba mwaka 1852, na hata huo hakuushika kwa moyo. Na Agojie wenyewe walikuwa kwenye misafara ya kukamata hao watu. Yaani yule mwanamke jasiri unayemshangilia, upande wa pili kuna mwanamke mwingine anafungwa kamba na yeye. Kwangu hilo halifuti ushujaa wao mbele ya Wafaransa, lakini ukilificha unakuwa umetengeneza sanamu, na sanamu haina dhambi wala haina maumivu.

Dhana: Kazi ya mwanamke vitani ni uzuri wake, kuwa chambo

Ile The Battle of Algiers ya 1966, inayohusu Waalgeria waliokuwa wanapigana kuwatoa wakoloni wa Kifaransa, ina tukio ambalo kila anayeongelea muvi hii lazima alitaje. Wanawake watatu wa Algeria wako mbele ya kioo, wanakata nywele, wanapaka rangi, wanavaa kama Wafaransa, kimya, ngoma tu inapiga. Halafu wanapita kwenye kizuizi cha wanajeshi na mabomu kwenye vikapu, wanajeshi wanatabasamu. Mtu akiona hapo anasema si unaona, uzuri. Hapana bwana. Silaha pale ilikuwa akili, walijua mwanajeshi anaona nini akimuangalia mwanamke na haoni nini. Na tukio lina mzizi, tarehe 30 Septemba 1956 wanawake watatu walibeba mabomu kweli kwenda sehemu tatu za mji, mawili yakalipuka, moja likagoma. Mmoja wao, Zohra Drif, alikuwa mwanafunzi wa sheria.

Kitu kinachonifanya niiheshimu muvi hii ni kwamba haifuti lawama. Kabla bomu halijalipuka, kamera inakaa kwenye nyuso za watu ndani ya mkahawa, na kuna mtoto analamba aiskrimu. Yule dada anamuona. Anasukuma kikapu chini ya kaunta kwa mguu, anaondoka. Hapo ukitafuta neno shujaa halikai vizuri mdomoni, ukitafuta neno muuaji nalo linakataa.

Dhana: Aliyekuwa mbali na risasi hakupigana

Muvi ya The Six Triple Eight ya 2024 watu wengine waliidharau, eti muvi ya vita gani ya kupanga barua. Haya. Wanawake 855 wa jeshi la Marekani, karibu wote weusi, wakiongozwa na Meja Charity Adams, wanafika Birmingham Uingereza mwanzoni mwa 1945 wanakuta maghala yasiyo na joto, madirisha yamepakwa rangi nyeusi, na rundo la barua za wanajeshi milioni 17 hivi, panya wanakula keki kwenye vifurushi. Wakapewa miezi sita, wakamaliza kwa mitatu. Kulikuwa na akina Robert Smith zaidi ya 7,500, sasa barua imeandikwa Robert Smith tu, mpe nani? Wakatengeneza kadi za wanajeshi na namba zao, mamilioni, wakafanya zamu tatu usiku na mchana.

Na kama bado unataka msiba, upo. Watatu wao walifariki kwa ajali ya jipu huko Ufaransa, Wizara ya Vita haikutoa hela ya mazishi, wenzao wakachangishana kununua majeneza. Medali ya dhahabu ya Bunge la Marekani ikaja 2022, wengi wao wameshazikwa zamani.

Dhana: Vita ikiisha shujaa anarudi kwa vigelegele

Kwenye muvi ndio, treni inaingia, bendi inapiga. Wanawake wengi wa Kisovieti waliotoka mstari wa mbele walificha medali zao kabatini, kwa sababu jirani akijua ulikuwa jeshini na wanaume miaka minne, anachouliza sio umepigana wapi.

Muvi iliyoligusa hili mpaka ikawaka moto ni Flame ya Zimbabwe, 1996, iliyotengenezwa na Ingrid Sinclair kutokana na simulizi za wanawake waliopigania ukombozi. Florence na Nyasha wanatoroka kijijini kwenda kujiunga na wapiganaji, wanapewa majina ya vita, Flame na Liberty. Huko kambini Flame anabakwa na kamanda wa upande wao wenyewe. Vita inaisha, nchi inapata uhuru, na miaka baadaye Florence ni mwanamke maskini mwenye mume mlevi, anafunga safari kwenda mjini kumtafuta Nyasha ambaye sasa ana kazi ya ofisi, na ukimya kati yao wawili sebuleni unakwambia mengi kuliko mapigano yote yaliyotangulia.

Kabla muvi haijakamilika, baadhi ya maveterani wakapiga kelele kwamba inawachafua wapiganaji, polisi wakaja wakachukua mikanda, eti ni ya uchochezi na ngono. Tukio lililoleta tabu ni lile la kamanda. Mapigano, wanawake kufa, damu, hayo yote hayakuwa na shida.