Kiinitete ni nini?

Kiinitete ni kiumbe kilicho katika hatua za awali kabisa za kukua, kabla viungo vyake havijamaliza kuumbika. Kwa binadamu, jina hili hutumika hadi mwisho wa wiki ya 8 baada ya utungisho. Kuanzia wiki ya 9 hadi kuzaliwa, kiumbe huyo huitwa kijusi. Wengi huyachanganya majina haya, na katika mazungumzo ya kawaida si kosa kubwa, ila kwa tabibu tofauti ina uzito, kwa kuwa kiinitete huunda viungo ilhali kijusi hasa huvikuza na kuvikomaza.

Kila kitu huanzia katika mrija wa falopio, ambako mbegu moja ya kiume hulipenya yai. Kila upande huleta kromosomu 23, na seli inayopatikana, yaani zaigoti, huwa na 46. Zaigoti hugawanyika kuwa seli mbili, kisha nne, na kufikia siku ya 3 au ya 4 huwa bonge la seli kama 16 liitwalo morula. Ajabu ni kwamba bonge hilo halizidi ukubwa wa yai lenyewe, takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa sababu seli hizo hugawana tu kile kilichokuwamo tangu mwanzo, zikiwa bado zimefungwa ndani ya utando wa yai.

Kufikia siku ya 5 hutokea uwazi wenye majimaji, na bonge huitwa blastosisti. Seli zake za nje zitashiriki kuunda kondo la nyuma, na kikundi kidogo cha ndani ndicho kitakachokuwa mtoto. Siku moja au mbili baadaye hujichomoa katika utando na kuanza kujipachika kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi. Ikijipachika ndani ya mrija badala yake, hiyo ni mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, nayo huweza kuhatarisha maisha ya mama. Seli za nje ndizo pia zinazotoa homoni inayogunduliwa na kipimo cha mkojo.

Katika wiki ya 3 kiinitete hujipanga katika tabaka tatu. La ndani hutoa ini, kongosho na utando wa utumbo na mapafu. La kati hutoa misuli, mifupa, figo, damu na moyo, ambao huanza kupiga karibu siku ya 22. Na la nje hutoa ngozi pamoja na ubongo, viungo ambavyo mtu asingedhani vina asili moja. Sehemu ya tabaka hilo la nje hujikunja kuwa mrija wa neva, yaani chanzo cha ubongo na uti wa mgongo, unaopaswa kuwa umefunga ifikapo siku ya 28 hivi. Usipofunga upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi.

Hapa hesabu ya kliniki huwatatiza wengi, kwani umri wa mimba huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, takriban wiki 2 kabla ya utungisho. Siku hiyo ya 28 basi huandikwa kuwa wiki ya 6, wakati mama amechelewa hedhi kwa wiki 2 tu na huenda hajapima. Ndiyo maana wanawake hushauriwa kutumia miligramu 0.4 za asidi ya foliki, vitamini inayosaidia mrija wa neva kufunga, kila siku tangu wanapopanga kupata mimba, na ndiyo maana pia Kenya na Tanzania zinataka kirutubisho hicho kiongezwe katika unga wa ngano unaosagwa viwandani.