Karatasi ya bibi usiipeleke steshenari, na malkia usimwite mchawi kabla hujauliza

Ndugu zangu, naandika hii baada ya wiki kadhaa ambazo simu ya ofisi haijapumzika. Mimi nafanya kazi upande wa makumbusho na nyaraka hapa Dar, na tangu tuanze kampeni ya kuwaomba wananchi watuletee kumbukumbu za mama na bibi zao yametokea mambo mawili kwa pamoja. La kwanza watu wameitikia, mnabeba vitu kutoka mbali na tunashukuru sana. La pili ni malalamiko. Familia zinalalamika kwamba bibi yao mkubwa kageuzwa jini kwenye klipu, walimu wanalalamika kwamba watoto wanaandika insha za malkia wauaji na ukiuliza umeyatoa wapi jibu ni "nimeona kwenye simu".

Nianze na Bi Khole maana ndio anayeulizwa kuliko wote. Bi Khole binti Said alikuwa mtoto wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, na magofu ya nyumba yake yapo Bungi, Unguja, ukipita ile njia ya miembe mikubwa kama dari. Kila mgeni anayepelekwa pale anarudi na stori ya wapenzi wa bibi huyu na walivyoishia, na kila mwaka stori inazidi kunenepa, mara kisima, mara mwembe mmoja kwa kila mwanaume. Jamani. Masimulizi ni masimulizi na sisi hatuyafuti, tunayaandika kama yalivyo na jina la aliyesimulia, ila usimwambie mtoto wa darasa la sita kwamba hiyo ni historia. Kilichoandikwa na mtu aliyeishi naye ni kingine kabisa: mwaka 1859 Bi Khole alikuwa upande wa kaka yake Barghash aliyetaka kumpindua kaka yao mwingine, Seyyid Majid, aliyekuwa sultani, na nyumba za mabibi wa kasri ndizo zilizobeba ile njama. Mwanamke anayeshiriki jaribio la kupindua serikali ni habari nzito kuliko miembe, lakini hiyo hakuna anayeifanyia klipu.

Na katika njama ile karani alikuwa binti wa miaka kumi na tano, Bibi Salme, mdogo wao kwa baba. Kwanini yeye? Kwasababu alijua kuandika. Wasichana wa kasri walifundishwa kusoma Kurani tu, kuandika hapana, na Salme alijifundisha mwenyewe kwa siri, anachukua mfupa wa bega la ngamia uliokauka ukawa mweupe, anaweka msahafu mbele yake, ananakili herufi moja moja mpaka mkono ukazoea. Mkono huohuo ndio ulioandika barua za njama, na mwaka 1886, akiwa Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, ndio uliochapisha kumbukumbu ambazo mpaka leo tunazitegemea kujua ndani ya kasri la Mtoni kulikuwaje. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema wanawake wa pwani hawakuacha maandishi, mwambie aje ofisini.

Katika kumbukumbu hizo kuna mwanamke mmoja ningependa kila mtu amjue, Bibi Azze binti Seif, mke mkubwa wa Seyyid Said. Hakuwa na mtoto. Seyyid Said alipofariki 1856 aliacha watoto 36 walio hai, wanaume 18 wanawake 18, na wote mama zao ni masuria, hata mmoja si wa Azze. Salme anamweleza kama mwanamke mfupi, sura ya kawaida, lakini mwenye nguvu ya ajabu juu ya mume wake, na watoto walimwogopa. Sasa soma vizuri, anayeandika ni mtoto wa suria. Mama yake Jilfidan alikuwa Mcherkesi, mtu wa milima ya Kaukazi, aliingia nyumba ile akiwa mtoto aliyetekwa. Kwa macho ya mtoto huyo Azze ni mama wa kambo wa hadithini kabisa, mkali, hana mtoto, ana funguo zote. Tungepata karatasi ya Azze mwenyewe labda tungesoma habari ya mwanamke aliyekuwa anashikilia nafasi yake katika nyumba ambayo kila mwaka inazaliwa watoto wasio wake. Hatunayo. Ndio maana nasema kila malkia mbaya muulize kwanza nani anasimulia, na mama yake msimuliaji alikuwa nani.

Hili la mama wa kambo nalifuatilia siku nyingi. Wengi mnajua hadithi ya yule binti mweupe kama theluji na malkia mwenye kioo, watoto wetu wanaiangalia kwenye katuni. Ndugu wawili wa Grimm walipoichapisha mara ya kwanza kule Ujerumani mwaka 1812 yule malkia alikuwa mama mzazi wa huyo binti. Mama mzazi! Toleo la 1819 wakambadilisha akawa mama wa kambo. Hansel na Gretel ni hivohivo, mwanzo anayewatupa watoto msituni ni mama yao, ikaja kubadilishwa kwenye toleo la 1840. Yaani wahariri waliona mama hawezi kuguswa, basi ubaya wote akabebeshwa mwanamke mwingine aliyeingia nyumbani baadaye, na sisi huku tunalea watoto wa wenzetu kila siku na bado neno mama wa kambo tunalitamka kama ugonjwa.

Na tamthilia nazo ni vilevile. Shule zimeniandikia kuomba ushauri wa mavazi ya Makbeth, ile ya Shakespeare aliyoitafsiri S. S. Mushi mwaka 1968, na kila barua inaeleza "mke mkatili asiye na mtoto". Kwenye jukwaa sawa. Lakini malkia wa kweli wa Scotland alikuwa anaitwa Gruoch, alikuwa na mtoto wa kiume wa ndoa yake ya kwanza, Lulach, na Macbeth, mume wake wa pili, baada ya kutawala miaka 17 alipouawa mwaka 1057 aliyekalia kiti ni huyo Lulach, mtoto wa malkia, japo kwa miezi michache tu. Mwandishi alimtoa mtoto akabaki mwanamke na tamaa yake. Ukishamrudishia mtoto wake unaanza kuona kwanini mwanamke angehangaika na kiti cha enzi.

Hapa karibu, Rwanda, jambo hili halihitaji jukwaa. Mfalme wa Rwanda alikuwa hatawali peke yake, lazima awe na mama mfalme, na kama mama mzazi hayupo anapewa mwanamke mwingine nafasi hiyo. Mfalme Rwabugiri alimchagua mwanae Rutarindwa amrithi, mama yake mzazi hakuwepo, akampa Kanjogera awe mama mfalme. Mama wa kambo, na ana mtoto wake mwenyewe wa kiume. Rwabugiri akafa 1895, mwaka uliofuata yakatokea mapigano ya Rucunshu, Rutarindwa akafa na watu wake, na mtoto wa Kanjogera, Musinga, akawekwa mfalme akiwa bado mdogo. Damu ilimwagika na sitaipunguza hata tone. Ila Kanjogera hakuamka siku moja na roho mbaya, nyuma yake kulikuwa na kaka zake na ukoo wao wa Abega, na mfumo wenyewe ulimweka mwanamke mwenye mtoto amlindie kiti mtoto wa mwingine. Kwa Waganda walilitatua kwa umbali: Namasole, mama wa Kabaka yaani mfalme wao, ana kasri lake kwenye kilima kingine, ana ardhi yake na maofisa wake, na mkataba wa 1900 na Waingereza ukamwandikia maili za mraba zake mwenyewe. Akifa nafasi haifi, ukoo wake unatoa mwingine. Mwaka 1941 Namasole Irene Namaganda, mjane wa Kabaka Daudi Chwa, alipotaka kuolewa tena na mtu wa kawaida ikawa mgogoro mpaka Katikiro Martin Luther Nsibirwa aliyekubali ndoa hiyo akaachia madaraka. Waziri mkuu anaondoka kwasababu mama kataka kuolewa. Halafu mtu ananiambia hawa walikuwa mapambo ya ikulu.

Kuna na hili la "malkia msaliti". Unguja miaka ya 1650 ilikuwa na malkia, Mwana Mwema, aliyeshirikiana na Waomani dhidi ya Wareno, na Wareno wakaja wakamwadhibu. Miaka arobaini hivi baadaye malkia ni Fatuma, naye akawasaidia Wareno waliozingirwa Ngome ya Mombasa kuanzia 1696 mpaka 1698, Waomani waliposhinda wakampeleka Oman, akaja kurudishwa baadaye. Kisiwa kimoja, malkia wawili, kila mmoja na upande wake. Kila mmoja alikuwa anatazama bandari yake na nani yuko karibu na manowari. Mnaoandika kwamba mmoja ni shujaa mwingine kauza nchi, tafadhali, nchi mnayoisema ilikuwa bado haijazaliwa.

Sasa nije kwenye karatasi, hapa ndipo panaponiuma.

Mwezi uliopita alikuja dada mmoja na bahasha ya kaki, kaikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Ndani kulikuwa na karatasi sita za Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu, wino mweusi, mstari umenyooka, pembeni kuna doa la mafuta ya taa. Ulikuwa utendi wa Mwana Kupona, ule ambao mama huyu wa Pate, kisiwa cha kaskazini ya pwani ya Kenya, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia binti yake Mwana Hashima mwaka 1858 akiwa mgonjwa. Bibi wa huyu dada aliunakili kwa mkono wake ili ampe mwanae siku ya kuolewa. Mama kumpa binti, miaka mia na zaidi baada ya Mwana Hashima, kwa kalamu. Na karatasi zote sita zilikuwa zimepelekwa steshenari zikapigwa laminesheni, "ili zisiharibike".

Nilikaa kimya kidogo kwanza. Ile plastiki inayeyushwa kwa moto na gundi yake inaingia ndani ya nyuzi za karatasi, haitoki. Ukijaribu kuibandua unabandua na wino. Unyevunyevu uliokuwemo unafungiwa humohumo, karatasi inaanza kuwa kahawia kutokea katikati. Dada wa watu alilia, na hakuwa na kosa, alifanya kwa mapenzi, kosa ni letu sisi wenye taaluma tunaodhani kila mtu anajua.

Kwa hiyo usiipige laminesheni, usiweke selotepu, usiipasi, usiianike juani. Weka katikati ya karatasi nyeupe safi ndani ya boksi, mbali na ukuta unaolowa mvua, piga picha kwa mwanga wa dirishani, halafu njoo. Ukifika unaandikishwa mapokezi, unajaza fomu ya amana yenye jina lako, jina la aliyeandika au aliyemiliki kitu, kimepitia mikono ya nani na nani mpaka kukufikia wewe, na kama hujui sehemu fulani unaandika "haijulikani", usibuni. Tunapima urefu na upana, tunahesabu kurasa mbele yako, tunapiga picha mbele na nyuma, unasaini nakala mbili, moja unaondoka nayo. Hiyo nakala itunze, bila hiyo hatumkabidhi mtu kitu hata kama tunakufahamu kwa sura. Kukopesha ili tupige picha na kutoa moja kwa moja ni fomu tofauti, soma kabla hujasaini. Kama wewe ni mmoja wa ndugu watano, njoo na barua ya wenzako wanne, tumeshakaa kwenye mabaraza ya familia mara nyingi mno kwa jambo hili.

Kuhusu sheria, nasema ya Bara, Zanzibar wana sheria zao na ofisi zao. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya mwaka 1863, pamoja na majengo na magofu ya kabla ya mwaka huo, na milango ya kuchonga ya kabla ya 1940. Ukigundua gofu au kitu cha namna hiyo shambani unatoa taarifa, huchimbi. Kukitoa nje ya nchi bila leseni ni kosa, na mahakama ina uwezo wa faini na kifungo. "Ni cha bibi yangu" si utetezi pale uwanja wa ndege, umiliki wako haupingwi na mtu, kinachokatazwa ni kukisafirisha bila kibali. Nyaraka za serikali nazo kwa kawaida zinafunguliwa kwa msomaji baada ya miaka 30, kwa hiyo mnaotuma ujumbe saa nne usiku mkidai faili tunawaficha, hatuwafichi, hesabuni miaka.

Na mnaotengeneza maigizo na klipu: mtunzi aliyefariki zaidi ya miaka 50 iliyopita hakimiliki yake imeisha, Mwana Kupona ni wa wote. Tafsiri na ufafanuzi wa beti ulioandikwa juzi una mwenyewe, muombe. Ngano za jadi ukizitumia kibiashara Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inazigusa, pitia kwa mamlaka husika kabla hujaanza kurekodi.

Yule dada alirudi wiki iliyopita. Kaja na mama yake, mzee, anatembea kwa mkongojo, macho hayaoni tena karatasi wala nini. Tulimkalisha, tukamuwekea kinasa sauti, na mwanae akamsomea ubeti wa kwanza kupitia ile plastiki. Mama akamkatisha. "Siyo hivyo, mama yangu hakusoma hivyo," akaanza mwenyewe, kwa lafudhi ya kaskazini ambayo binti yake hajawahi kuisikia kinywani mwake, na akaenda mpaka mwisho bila kusimama. Kuna beti mbili kwenye sauti yake hazimo kwenye zile karatasi sita.