Raga: "Ni uchovu wa safari tu" si jibu la maumivu ya kichwa

Mtikisiko wa ubongo ni nini?
Ni ubongo kutikiswa ndani ya fuvu, kwa kugongwa kichwa au kwa mwili kupigwa kishindo. Wengi hawazimii.

Safari inahusikaje?
Basi wala ndege haimgongi mtu kichwa. Shida ni jinsi anavyofika: usingizi wa vipande vipande, shingo imekakamaa, maji kayakwepa asisimamishe gari njiani. Aliyevuka mipaka ya saa huhitaji takriban siku moja ya kuzoea kwa kila saa ya tofauti. Mchovu huchelewa kidogo tu, na kidogo hicho ndicho huamua kama kichwa chake kitapita ubavuni mwa mpinzani au kitakutana na goti. Mitikisiko mingi hutokea wakati wa kukaba, yaani kumkamata mwenye mpira na kumwangusha, na mkabaji ndiye huumia zaidi.

Tumesafiri usiku kucha, sasa kichwa kinauma. Si uchovu?
Uligongwa? Basi si uchovu, mpaka mhudumu wa afya akupime aseme hivyo. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi: mambo haya yote huletwa na safari, na yote huletwa na mtikisiko. Ndiyo maana uchovu umekuwa kisingizio kizuri mno.

Lakini uwanjani nilikuwa mzima!
Dalili zaweza kujitokeza baada ya saa 24 hata 48. Kila msimu naletewa mchezaji siku ya pili, fulana ya timu bado mwilini, na wenzake wananiambia, "Alilala njia nzima, daktari, tukamwacha apumzike." Mlimwacha! Nani alimwamsha akamuuliza hata alama za mechi? Aliyegongwa apimwe kabla basi halijaondoka, kisha akae na mtu aliye macho. Akitapika tena na tena, akichanganyikiwa, akiona vitu viwili viwili, akipata degedege, mkono ukilegea au maumivu yakizidi, geuzeni gari mwende hospitali iliyo karibu. Msingoje kufika nyumbani.

Nimeze dawa?
Aspirini na ibuprofeni hapana, kwa saa 48 za mwanzo. Pombe hapana. Usukani pia hapana.

Marudiano ni Jumamosi ijayo. Nitacheza?
Hutacheza. Kwa wachezaji wa ngazi ya jamii, yaani wasio wa kulipwa, World Rugby, shirikisho la raga duniani, inataka zipite angalau siku 21 tangu kuumia kabla ya mechi, dalili ziwe zimekwisha. Kocha akibisha, mlete naye.