Rifoma ni nini, na utaichaguaje ya nyumbani

Mtu akisema anatafuta mashine ya kuweka nyumbani kwa ajili ya Pilates, yaani ile aina ya mazoezi ya mwili, mara nyingi anachokitaka ni rifoma. Ni fremu ndefu na nyembamba yenye reli mbili, na juu ya reli hizo kuna kigari: ubao wenye mto mwembamba juu na magurudumu chini, unaokwenda mbele na nyuma. Mwisho mmoja wa fremu kuna upau wa kukanyagia. Mwisho wa pili kuna kapi mbili zilizopitishwa kamba zenye vishikio. Kigari chenyewe kina mahali pa kuegemeza kichwa na vizuizi viwili vya mabega, ili ukisukuma mwili usiteleze. Chini yake, kuelekea upande wa upau, zimefungwa springi, kwa kawaida nne au tano.

Lala chali, weka nyayo kwenye upau, nyoosha magoti. Kigari kinaondoka na springi zinavutika. Sasa kunja magoti polepole: springi zinataka kukirudisha kwa kishindo, nawe unazizuia. Ukisikia kigari kimegonga mwisho wa safari yake, ujue umeziachia springi zifanye kazi yako. Huo ndio mchezo mzima wa rifoma, kusukuma na kudhibiti marejeo, na karibu kila swali la ununuzi linarudi kwenye vitu viwili: springi zinavutaje, na kigari kinatelezaje.

Kabla ya hapo kuna jambo la jina. Mwaka 2000 mahakama ya shirikisho mjini New York iliamua kwamba "Pilates" ni jina la aina ya mazoezi, hivyo haliwezi kuwa alama ya biashara ya kampuni moja. Ni uamuzi wa haki, lakini matokeo yake ni kwamba jina hilo kwenye boksi halimhakikishii mnunuzi chochote. Fimbo yenye mipira miwili ya kuvuta huuzwa kwa jina hilo, ubao wa kuteleza usio na springi hata moja nao vilevile. Huenda vikakufaa kwa mazoezi, ila si rifoma, na anayeijua rifoma ya studio akivinunua kwa kudhani ni kitu kilekile atavunjika moyo mapema.

Mwenye jina, Joseph Pilates, alizaliwa Mönchengladbach, Ujerumani, mwaka 1883. Vita vya Kwanza vya Dunia vilimkuta Uingereza, akawekwa kizuizini kama raia wa nchi adui, na baadaye akapelekwa Kisiwa cha Man. Husimuliwa kwamba huko alifunga springi kwenye vitanda vya wagonjwa ili wafanye mazoezi wakiwa wamelala. Hadithi yenyewe imepita midomo mingi mno, na bila shaka imeongezwa chumvi njiani. Lililo wazi ni kwamba alipohamia New York katika miaka ya 1920 na kufungua studio pamoja na mwenzi wake Clara, vifaa vyake vikubwa vilitegemea springi na si vyuma vya kunyanyua. Aliendelea na kazi hiyo mpaka alipofariki mwaka 1967.

Kwa nini springi? Chuma cha kilo kumi ni kilo kumi mwanzo hadi mwisho. Springi huanza kwa ulaini, kisha kadiri inavyovutwa ndivyo inavyokaza, na ukiiachia kidogo tu inakuvuta irudi kwake. Misuli inalazimika kufanya kazi kwenda na kurudi. Ndiyo maana watu wanaonyanyua vyuma vizito bila shida hutetemeka wakiwekewa springi moja nyepesi.

Na hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea. Wanaona mashine yenye springi nzito na nyingi, wanadhani ndiyo ya wenye nguvu. Kwenye zoezi la kusukuma kwa miguu ni kweli: ukiongeza springi, unaongeza kazi. Lakini chukua zoezi jingine. Shika upau kwa mikono, weka miguu juu ya kigari ukiiegemeza kwenye vizuizi vya mabega, mwili umenyooka kuanzia kisogo hadi visigino, kisha sukuma kigari nyuma. Springi zikiwa nzito zinakushikilia na kukusaidia kurudi. Ondoa nzito, bakiza moja laini, na kigari kinataka kukukimbia. Tumbo na mgongo ndivyo vinavyobaki kukizuia. Springi pungufu, kazi zaidi. Hali ni hiyohiyo ukilala chali na kuweka nyayo ndani ya vishikio vya kamba: springi ndizo zinazobeba sehemu ya uzito wa miguu, na zikiwa nyepesi mno mgongo wa chini huanza kunyanyuka.

Kwa hiyo la kuuliza ni kama mashine ina ngazi nyingi za ukinzani, hasa upande wa chini. Mashine yenye springi tano za nguvu moja inakupa ngazi tano tu, na ya chini kabisa huenda isiwe laini vya kutosha. Yenye mchanganyiko wa nzito, za kati na moja au mbili nyepesi inakupa michanganyo mingi zaidi. Watengenezaji huzitofautisha kwa rangi, lakini hawana mpango mmoja: nyekundu ya huyu si lazima ilingane na nyekundu ya yule. Ukifuata somo la video na mwalimu akasema "weka nyekundu mbili", hakikisha kwanza mashine yake na yako zinazungumza lugha moja.

Rifoma za bei ya chini nyingi huweka kamba za mpira badala ya springi. Sizidharau. Ni nyepesi, hazipigi kelele, na kwa mtu anayetaka kujinyoosha mara mbili tatu kwa wiki zinaweza kutosha. Ila mpira huchoka. Hulegea bila zote kulegea kwa kiasi kimoja, na mvuto wake wakati wa kurudi ni dhaifu kuliko wa springi ya chuma, maana yake ile nusu ya pili ya zoezi inapungua thamani. Ukichagua ya mpira, hakikisha kamba za akiba zinapatikana peke yake bila kununua mashine nyingine.

Kigari nacho kina kipimo chake rahisi. Fungua springi zote, kisha kisukume kwa kidole kimoja kutoka mwisho hadi mwisho. Kinapaswa kwenda bila kukwama, bila kuyumba kushoto na kulia, na bila mlio wa kukwaruza. Weka kiganja juu yake kinapotembea. Ukihisi mtetemo kama wa kupita juu ya changarawe, tatizo liko kwenye magurudumu, beringi au reli. Kisha funga springi moja nyepesi, lala, na urudie. Kasoro ambayo mkono haukuisikia, mgongo utaisikia.

Baada ya hapo pima mwili wako, kisha chumba, kwa mpangilio huo. Watu hupima chumba tu. Lala mabega yakigusa vizuizi, visigino kwenye upau, halafu nyoosha miguu kabisa. Kigari kikigonga mwisho wa reli kabla magoti hayajanyooka, mashine ni fupi kwako, na hakuna marekebisho yatakayoirefusha. Mtu mfupi ana tatizo la kinyume: upau uko mbali, anaanza zoezi miguu ikiwa tayari imenyooka nusu. Hilo lina dawa ikiwa mashine inaruhusu kusogeza upau au kubadili mahali kigari kinapoanzia. Vizuizi vya mabega vinavyoweza kutanuliwa ni muhimu kwa wenye mabega mapana. Vikibana shingo, hutailalia mashine hiyo mara ya pili.

Rifoma nyingi za ukubwa kamili zina urefu wa mita 2.2 hadi 2.5 na upana wa sentimita 60 hadi 75. Ongeza nafasi ya pembeni, kwa sababu kuna mazoezi ya kufungua miguu ikiwa ndani ya kamba, na mguu haujui kwamba pana kabati. Za kukunjwa huokoa nafasi, lakini uliza uzito wake kabla ya kuzifurahia. Mashine ya kilo 40 au 50 inayopaswa kukunjwa na kuviringishwa kila siku na mtu mmoja mwishowe haikunjwi tena, inabaki imetandazwa sebuleni. Zinazosimamishwa wima zinahitaji dari iliyo juu kuliko urefu wake, pamoja na nafasi ya kuinamisha wakati wa kuzisimamisha.

Urefu kutoka sakafuni haupewi uzito unaostahili. Mashine iliyo chini kabisa ni thabiti, lakini mwenye magoti mabovu atapata shida kushuka na kuinuka. Yenye miguu mirefu ni rahisi kukalia, ila ikiwa nyepesi sana huyumba ukisimama juu yake.

Vifaa vya ziada vya kufunga kwenye rifoma, kama ubao wa kurukia, boksi la kukalia na mnara wa springi, ni vya baadaye. Nunua mashine inayokubali kuongezewa, na uviache dukani kwa sasa.

Kuna pia kiti cha Pilates, chenye kanyagio linaloshikiliwa na springi. Huchukua nafasi ndogo kuliko rifoma, lakini kwa anayeanza ni kigumu, kwa kuwa mazoezi mengi hufanywa umekaa au umesimama bila kitu cha kukushikilia. Ile meza kubwa yenye fremu ya vyuma juu, iitwayo Cadillac, ni ya studio na ya matibabu ya viungo. Nyumbani itameza chumba kizima.

Mwenye maumivu ya mgongo yanayoshuka mguuni, mjamzito, au aliyefanyiwa upasuaji karibuni aonane kwanza na daktari au mtaalamu wa fiziotherapi. Na hata mwenye afya njema achukue masomo machache ya ana kwa ana kabla ya kununua. Atajifunza kupanda na kushuka salama, kwa maana kigari huteleza ukikikanyaga bila springi kufungwa, na atagundua anapenda mashine ya aina gani.

Ya mtumba inaweza kuwa bora kuliko mpya ya bei sawa, mradi uanze na springi. Tazama kila moja ikiwa imelegezwa: mizunguko yake iwe imebanana. Ukiona mwanya katikati, mkunjo au kutu, imeshachoka. Chungulia na kulabu zinakofungiwa, hasa pale chuma kinaposuguana na chuma, maana ndipo hukatikia. Watengenezaji wengi hushauri springi zibadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi kwa matumizi ya mara kwa mara, kwa hiyo muulize muuzaji mara ya mwisho zilibadilishwa lini. Akisema hakumbuki, ingiza gharama ya seti nzima kwenye hesabu yako, na zibadilishe zote kwa pamoja. Springi mpya upande mmoja na kuukuu upande wa pili huvuta kigari kwa mshazari, na reli ndizo zinazolipia.