Je, wajua kwa nini gundi ya muhogo ilishindwa mahakamani?

Kesi ya Holland Furniture dhidi ya Perkins Glue, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1928, nilidhani nimeielewa kabla ya kuisoma. Gundi ya wanga wa muhogo? Bila shaka hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, ilianguka kwa sababu muhogo ni zao la shamba, na gundi ya wanga hata mtoto anayetengeneza tiara huikoroga jikoni kwa mama yake.

Nilikosea vibaya. Asili ya muhogo haikuwa hoja kabisa. Kitu cha shambani kikigeuzwa kikawa kitu kipya chenye kazi mpya, hataza inaweza kutolewa. Wala si kwamba Perkins, mwenye gundi hiyo, hakuvumbua kitu. Kilichomponza ni upana wa maneno yake.

Wakati huo viwanda vya samani vilitegemea gundi ya ngozi na mifupa ya wanyama. Wanga una tabia anayoijua kila msonga ugali: hunywa maji. Ukitaka upakike, uongeze maji mengi, nao unakuwa uji. Uji huo ukipakwa kwenye mbao nyembamba, mbao huvimba na kujikunja. Ukipunguza maji unapata ugali, na ugali haupakiki. Perkins alitaka ulaini wa uji kwa maji ya ugali. Akaupata: aliudhoofisha wanga kwanza ili usinywe maji sana, kisha akauyeyusha kwa kostiki soda na maji yasiyozidi takriban mara tatu ya uzito wake.

Angeishia hapo. Lakini baadhi ya madai ya hataza yake, yaani vifungu vinavyotaja anachokimiliki, yalitaka gundi ya wanga yenye sifa za gundi ya wanyama, bila kubanwa na njia yake. Ni kama mpishi aliyeweza kupika biriani bila mchele, halafu badala ya kudai mapishi yake, anadai chakula chochote kisicho na mchele chenye ladha ya biriani. Jirani akiifikia ladha hiyo kwa mtama, anaitwa mwizi, ilhali mpishi hajawahi kugusa mtama wala kueleza unapikwaje. Mahakama ililiona hilo: atakayetaka kutumia wanga mwingine angelazimika kuanza majaribio upya. Madai hayo yakafutwa.

Si kwamba kutaja sifa ni marufuku. Hataza za gundi za leo zinazoyeyushwa kwa moto hutaja viungo pamoja na vipimo kama mnato. Shida huanza sifa inapobaki peke yake.

Mwaka 2023 kampuni ya dawa ya Amgen ilipambana na mwenzake Sanofi katika mahakama hiyohiyo kuhusu dawa za kolesteroli. Amgen ilikuwa imeeleza kingamwili 26 (protini za kinga zinazotumika kama dawa), ikadai zote zinazofanya kazi ileile. Majaji wote walikataa, na miongoni mwa kesi walizoegemea ni ile ya gundi ya wanga, iliyokuwa imetimiza miaka 95.