Maelezo ya zana: maandishi anayoyasoma wakala wa akili mnemba kabla ya kuigusa skrini yako

Ukimwambia wakala wa akili mnemba, yaani programu inayofanya kazi kwa niaba yako, aweke picha za harusi kwenye skrini ya sebuleni, kumbuka kwamba yeye haioni hiyo skrini. Hajui kama imewashwa, kama imesimamishwa wima, wala kama watoto wako katikati ya katuni. Alichonacho ni orodha ya zana, na kila zana ina maneno machache yanayoeleza kazi yake. Maneno hayo ndiyo maelezo ya zana.

Zana, kwa maana hii, ni kipande cha programu ambacho modeli ya lugha, yaani ubongo wa wakala unaosoma na kuandika maneno, imeruhusiwa kuomba kiendeshwe. Modeli haibonyezi kitu. Inaandika ombi, mara nyingi kwa umbo la JSON (maandishi yaliyopangwa kwa jozi za jina na thamani), likitaja jina la zana na thamani za kujaza. Programu nyingine inalipokea ombi, inaendesha zana, inarudisha jibu. OpenAI, kampuni inayotengeneza ChatGPT, waliweka utaratibu wa namna hii kwenye API yao (njia ya programu nyingine kuitumia modeli yao) mwaka 2023, na Novemba 2024 kampuni nyingine, Anthropic, wakatoa itifaki ya wazi, yaani kanuni za mawasiliano, iitwayo Model Context Protocol, kwa kifupi MCP, ili zana iliyoandikwa mara moja itumiwe na mawakala wa aina mbalimbali. Home Assistant, programu huria ya kuendesha vifaa vya nyumbani iliyoanza 2013, nayo inaitumia.

Sisi tunaoandika programu tumezoea kumwandikia mwenzetu. Mwenzetu akikwama atafungua msimbo, atajaribu hiki na kile, mwisho atapiga simu. Wakala kwa kawaida anaishia kwenye yale maneno. Usichomwandikia atakikisia, na atakikisia bila kusita.

Nina skrini ya nyumbani: monita ya zamani, na Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, imebandikwa nyuma yake. Zana ya kwanza niliyoiandika niliiita onyesha_ujumbe, na maelezo yake yalikuwa "Inaonyesha ujumbe" basi. Jioni moja nikamwomba wakala amkumbushe mama dawa. Akatuma hivi:

{"maandishi": "Mama, dawa ya jioni", "muda": 30}

Yeye alidhani sekunde 30. Programu yangu ilikuwa inahesabu milisekunde, yaani sehemu za elfu za sekunde. Kwa monita inayochora picha 60 kwa sekunde, huo ni muda wa picha mbili hivi. Ujumbe ulipita kabla mtu hajainua macho, zana ikajibu "sawa", na wakala akaniarifu kwamba mama ameshakumbushwa. Mama hakuona kitu.

Hapo niliandika upya. Kigezo cha muda, yaani nafasi ya kujaza thamani, sasa kinaitwa muda_sekunde, na maelezo yanasomeka hivi: "Inaonyesha ujumbe mmoja juu ya chochote kilichopo kwenye skrini ya sebuleni, kisha inarudisha kilichokuwepo. Muda ni kwa sekunde, kuanzia 5 hadi 600. Usipotajwa ni 60. Skrini ikiwa imezimwa ujumbe hautaonekana. Tumia washa_skrini kwanza." Jibu nalo nililibadilisha, kwa sababu wakala husoma jibu kama alivyosoma maelezo. Badala ya "sawa", zana inasema "Ujumbe utakaa hadi 19:05" au "Haukuonyeshwa: skrini imezimwa". Jibu la pili linamwezesha kurekebisha mwenyewe, bila mimi kuingilia.

Saa zinahitaji uangalifu wa pekee nyumbani kwa Waswahili. Mtu akisema "washa taarifa ya habari saa mbili usiku", anamaanisha 20:00. Wakala aliyefundishwa kwa maandishi mengi ya Kiingereza anaweza kuandika 02:00, na nyumba nzima ikaamshwa na sauti ya mtangazaji. Kuandika "tumia saa 24" peke yake hakutoshi, maana kosa limetokea kabla hajafika kwenye tarakimu. Weka mifano ndani ya maelezo yenyewe: saa mbili usiku ni 20:00, saa mbili asubuhi ni 08:00, saa kumi jioni ni 16:00. Ni mstari mmoja tu.

Usirefushe kupita kiasi, lakini. Maelezo ya zana kwa kawaida hupelekwa kwa modeli pamoja na mazungumzo, yakila nafasi na fedha. Mimi naona zana 6 zilizoelezwa vizuri zinafaa kuliko 30 zinazofanana majina.

Neno lililonisumbua kuliko yote ni "zima". Kuzima skrini ni nini? Kufifisha mwanga, au kuizima kompyuta iliyo nyuma yake? Bodi za Raspberry Pi zilizotangulia toleo la 5 hazina kitufe cha kuwashia. Ukishaizima kabisa, lazima mtu aende akachomoe waya wa umeme na kuuchomeka tena, na kama uko safarini huna la kufanya. Kwa hiyo nina zima_mwanga_wa_skrini, yenye maelezo kwamba kompyuta inaendelea kufanya kazi na skrini inaweza kuwashwa wakati wowote. MCP ina alama ya kutangaza kwamba zana fulani inaweza kuharibu kitu, ila alama hiyo ni dokezo tu, haimzuii wakala. Zana ya kuzima kompyuta nimeiondoa kabisa kwenye orodha yake. Kazi hiyo anaifanya aliyepo nyumbani.