Morfini haimmalizi mgonjwa wa saratani
Ujumbe huu haukomi kwenye magrupu: mgonjwa wa saratani ya matiti iliyosambaa akianzishiwa morfini, dawa kali ya kutuliza maumivu, itammaliza. Si kweli. Morfini ya maji huanza kwa dozi ndogo, kwa kawaida kila saa 4, na hupandishwa kulingana na maumivu. Ikitumiwa ilivyoelekezwa haiharakishi kifo. Wengi huanzishiwa wakiwa hoi tayari. Ugonjwa unaua, lawama inabaki kwenye chupa. Muulize mfamasia au muuguzi, kisha mtazame mgonjwa mwenyewe kama amepata nafuu: amelala? Amemaliza uji? Morfini hufunga choo, ndiyo, hivyo huambatana na dawa ya kulainisha. Ila tumbo likivimba, akitapika, na hata upepo hautoki, mkimbizeni hospitali usiku huohuo. Ujumbe ule tafadhali msiusambaze. Wagonjwa wanaugulia bure kwa kunyimwa dawa.